Hesabu vitanda: jibu kwa msomaji wa Bamburi kuhusu ramani ya kelele

Swali: "Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi wa mtaa wetu hapa Bamburi, Mombasa. Tuna vilabu viwili vya wazi upande wa ufuoni, jenereta ya jengo moja la ghorofa, na barabara ya Malindi ambayo hailali. Usiku wa Jumamosi tulipima kwa simu, ikaandika 92. Tukaipeleka picha ya simu kwenye ofisi moja inayohusika, tukaambiwa huo si ushahidi. Sasa vijana wetu wawili wanaojua kompyuta wanasema tuchore ramani ya kelele ya mtaa mzima, tuipeleke kaunti iwe msingi wa sera. Je, wananchi wa kawaida wanaweza kazi hiyo? Na tukiifanya, tutasikilizwa?"

Inawezekana, dada yangu. Na mtasikilizwa pia, kwa sharti ambalo watu wengi hulikumbuka kazi ikiwa imekwisha: kabla ya kuwasha kifaa chochote, mkubaliane mnataka nani aamue nini. Ramani inayosema "mtaa wetu una kelele" haimwinui afisa kitini. Hilo analijua; naye analala mji huu huu. Lakini ramani inayomwambia kwamba nyumba hizi, zenye watu idadi hii, zinapata kiwango hiki usiku, na kwamba spika za mahali pamoja zikigeuzwa na kushushwa nusu ya watu hao watapona, hiyo anaweza kuiweka mezani na kuifanyia kazi. Nimeona ramani nyingi zenye rangi za kupendeza zikining'inia kwenye kuta za maofisi, na nyingi zilikosa jambo hilo moja tu.

Tuanze na hiyo 92 yenu, yaani desibeli 92, kipimo cha ukubwa wa sauti.

Aliyewaambia si ushahidi hakukosea sana, ingawa angewaeleza sababu kabla ya kuwarudisha mikono mitupu. Hiyo 92 ni ya sekunde moja au ni wastani wa saa nzima? Mlisimama hatua ngapi kutoka kwenye spika? Dirishani, barazani, au uwanjani? Na simu yenyewe: maikrofoni yake imetengenezwa ili sauti ya mtu isikike vizuri upande wa pili, kwa hiyo simu nyingi hupunguza zenyewe sauti iliyo kubwa, na hukata sehemu kubwa ya besi, ambayo nahisi ndiyo hasa inayowanyima usingizi. Simu mbili zikiwekwa juu ya meza moja zaweza kupishana desibeli kadhaa. Msizitupe lakini. Zina kazi yake, nitakuja huko.

Kwanza hesabu, kwa sababu hapa ndipo mikutano mingi inapoharibika. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Spika mbili zinazotoa 80 kila moja, pamoja zinatoa 83. Ukiondoa nusu ya magari barabarani, na yaliyobaki yaende vile vile, nafuu ni desibeli 3 tu, na sikio litaitambua kwa shida. Sauti ikipanda kwa 10 ndipo watu wengi husema imekuwa mara mbili. Wastani wake pia ni wa nishati, na watu wa fani wanauita Leq. Chukua usiku wa saa kumi. Saa tisa zimetulia, 45. Saa moja ni ya muziki, 75. Mtoto wa darasa la saba atajumlisha na kugawanya, akupe 48. Leq ya usiku huo ni 65. Saa moja imeubeba usiku wote, na mwenye kilabu anayejitetea kwamba "tunapiga saa moja tu" hajajisaidia kitu.

Leq nayo ina upofu wake. Bodaboda isiyo na sailensa ipite saa tisa usiku, ifike 80 kwa sekunde tano, mtoto aamke, mama aamke, mbwa wabweke. Kwenye ule usiku uliotulia wa 45, tukio hilo linapandisha wastani kwa chini ya desibeli 2. Kwa hiyo andikeni vitu vitatu kwa kila mahali: Leq, kiwango cha juu kabisa cha kila tukio pamoja na idadi ya matukio, na kile kiitwacho L90, yaani kiwango ambacho sauti hukipita kwa asilimia 90 ya muda. L90 ndiyo usuli wa mtaa: kinachobaki baada ya kuondoa vipitavyo. Mtaa ukipoteza usuli wake wa chini, watu huanza kusumbuka bila kujua wanalalamikia nini.

Sasa sheria. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinagawa siku mara mbili: mchana ni kuanzia saa 12:01 asubuhi hadi saa 2 usiku, na usiku ni kuanzia saa 2:01 hadi saa 12 asubuhi. Nje ya nyumba za makazi, kikomo ni 50 mchana na 35 usiku. Kwenye makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, ambayo pengine ndiyo hali yenu, ni 55 mchana na 35 usiku. Hata eneo la biashara tupu linaruhusiwa 60 mchana, kisha usiku linarudi 35.

Nitasema ninavyoona, na najua wenzangu wengine hawakubaliani nami: 35 usiku, nje, katika mji wa pwani, ni namba ya karatasi. Upepo wa kusi kwenye minazi, au mawimbi bahari inapojaa, vinaweza kuipita bila mtu kugusa spika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kelele za usiku kwa Ulaya wa 2009, lilipendekeza 40 iwe shabaha na 55 iwe kituo cha muda kwa nchi zisizoweza kufika huko mara moja. Kikomo kinachovunjwa na kila mtu, pamoja na bahari, humpa afisa uhuru wa kuchagua wa kumkamata, na huo uhuru tunaujua unavyotumika. Kwa hiyo ramani yenu isitumie rangi mbili, ya halali na ya haramu. Mtaa wote utakuwa mwekundu, na mwenye kilabu, mwenye duka na mwenye kuku wote watakuwa wakosaji sawa. Pakeni kwa hatua za desibeli 5: chini ya 45, 45 hadi 50, na kuendelea. Hapo ndipo mtu ataona pa kuanzia.

Kitu kingine cha kutazama kwenye saa. Sheria ya Mututho, yaani ile ya kudhibiti vileo, inaruhusu baa kuuza pombe mpaka saa 5 usiku. Usiku wa kelele umeanza saa 2:01. Kuna saa tatu kila siku ambapo baa imefunguliwa kihalali na wakati huo huo muziki wake unatakiwa kuwa 35 nje. Mabishano mengi hukaa ndani ya saa hizo tatu, kila upande ukishika sheria yake mkononi. Vipimo vyenu vitenganishe vipande hivyo: saa 2 hadi saa 5, kisha saa 5 hadi alfajiri. Ukivichanganya, utakuwa umefuta hoja yako nzuri kuliko zote.

Besi inahitaji aya yake. Vipima sauti karibu vyote hutumia kichujio cha A, kilichotengenezwa kuiga sikio la binadamu kwa sauti zisizo kubwa. Kichujio hicho hukata desibeli 26 kwenye hezi 63, yaani mitetemo 63 kwa sekunde, na 16 kwenye hezi 125. Humo ndimo muziki wa kilabu unapoishi. Kwa hiyo kifaa kinaweza kuonyesha 48, afisa akasema "mbona pako sawa," na dirisha la chumba cha mtoto linatetema mbele yake. Pimeni kwa vichujio viwili kwa wakati mmoja, A na C. C inaacha besi karibu kama ilivyo. Tofauti kati ya hizo mbili ikizidi 15 au 20, mmeipata besi yenu, na hiyo ni namba ambayo afisa hawezi kuipuuza kwa kusema mnachukia muziki. Paa la makuti, kwa taarifa yako, halizuii besi hata kidogo.

Kuhusu vifaa: mnahitaji kipima sauti kimoja cha kweli, cha daraja la 1 au la 2 kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 61672, pamoja na kalibreta yake, kijikopo kinachovikwa kwenye maikrofoni na kutoa sauti moja ya desibeli 94. Msinunue. Kodini kwa wiki mbili kutoka kwa mshauri wa mazingira aliyesajiliwa, naye aweke sahihi kwenye ripoti. Kalibreta ivikwe kabla na baada ya kila zamu, na namba iandikwe. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza wiki nzima ya vipimo kwa uvivu wa dakika mbili: kifaa kilikuwa kimehama desibeli 4 na sikuwa na namna ya kujua kilihama siku gani.

Simu zije baada ya hapo. Kuna programu ya bure iitwayo NoiseCapture, iliyotengenezwa na watafiti wa Ufaransa, ambayo hukuruhusu kuisahihisha simu yako kwa kuilinganisha na kifaa cha kweli. Wekeni simu kumi mezani kando ya kipima sauti, mzisahihishe moja moja, kisha watu kumi watembee mtaa mzima. Simu hazitatoa namba ya mahakamani, lakini zitawaonyesha ni uchochoro gani unastahili kifaa cha kweli usiku wa kesho.

Mahali pa kusimamisha maikrofoni ni nusu ya kazi. Mita 1.5 kutoka chini kwa nyumba za kawaida, na mita 4 ukitaka kulinganisha na ramani za Ulaya au kuna watu ghorofa ya kwanza. Mita 3.5 kutoka ukutani, kwa sababu ukuta unarudisha sauti na kukuongezea karibu desibeli 3 zisizo zako. Kama hamna nafasi, na Mombasa mara nyingi hamna, pimeni karibu na ukuta na mseme hivyo kwenye ripoti. Sifongo la kuzuia upepo livikwe daima, na upepo ukizidi mita 5 kwa sekunde acheni. Mvua ikinyesha acheni, na baada ya mvua pia mchunguze. Niliwahi kuamka asubuhi nikakuta grafu nzuri ya usiku, imesimama juu ya 60 saa nzima bila kushuka. Nikafurahi nimemnasa mwenye jenereta. Walikuwa vyura.

Na upepo wetu una siasa zake. Sauti husafiri mbali zaidi kuelekea uendako upepo. Kusi ikivuma, nyumba za upande wa kaskazini wa kilabu ndizo zinazoumia. Ikigeuka kaskazi, wanaumia wa kusini. Ukipima mwezi wa saba peke yake utachora ramani ya kusi, na nusu ya mtaa itasema kamati imewasahau. Kwa hiyo pimeni mara mbili kwa mwaka, na tarehe na upande wa upepo viandikwe pembeni ya ramani. Usiku mtulivu usio na upepo una hila yake pia: hewa ya chini ikipoa kuliko ya juu, sauti hupinda na kurudi ardhini, na kilabu kilicho mbali kikasikika kama kiko jikoni. Wakazi wanapokuambia "usiku mwingine tunasikia maneno ya wimbo kabisa, usiku mwingine hakuna," usiwaone waongo.

Kwa mtaa wa ukubwa wenu ningeweka pointi kumi na mbili au kumi na tano, zilizochaguliwa kwa akili: kando ya barabara, safu ya pili ya nyumba, ya tatu, upande wa vilabu, shuleni, zahanati, karibu na jenereta, na pointi moja iliyotulia ya kulinganishia. Pointi tatu kati ya hizo zipimwe wiki nzima bila kukatika. Nyingine nusu saa nusu saa, lakini katika saa zile zile, Ijumaa, Jumamosi, na usiku mmoja wa katikati ya wiki. Mkipata siku ambayo vilabu vimefungwa, hiyo ni dhahabu. Pimeni pointi zile zile, saa zile zile, kukiwa na muziki na kusipokuwa na muziki. Tofauti hiyo ndiyo mchango wa kilabu, na haihitaji kubishana na bahari. Waingereza, kwa kelele za viwanda, hutazama hivyo hivyo: chanzo kikizidi usuli kwa 5 hivi ni dalili ya madhara, kikizidi kwa 10 ni dalili ya madhara makubwa, kutegemea mazingira. Kanuni yao haihusu muziki wa burudani, lakini namna ya kufikiri ni ya kuazima.

Kila kipimo kiwe na daftari lake. Nani alisimama, wapi, alisikia nini: lori, honi, adhana, mbwa, spika. Na saa! Kifaa huandika 21:00, kijana wako anaandika "saa 3." Mwingine anaandika 3:00 akimaanisha alfajiri. Niliwahi kukuta ripoti ambayo muziki wa kilabu ulikuwa unavuma saa tatu asubuhi na mabasi ya shule yanapita usiku wa manane. Amueni mapema mtatumia saa za kifaa, na mzibandike ukutani.

Tufike kwenye ramani yenyewe, ambapo naogopa vijana wako kidogo. Watachukua pointi kumi na tano, waziingize kwenye programu ya ramani, wabonyeze kitufe, na programu itajaza nafasi zilizobaki kwa rangi laini kutoka kijani hadi nyekundu. Itapendeza sana. Itakuwa uongo. Kati ya pointi mbili kuna jengo la ghorofa tano, na nyuma yake kimya. Programu haijui jengo, inajua umbali tu. Wakiniuliza, nasema: vipimo vichorwe kama nukta zenye rangi, kila moja mahali pake, na palipo patupu pabaki patupu.

Ramani inayojaza nafasi ipo, lakini hutengenezwa kwa njia nyingine. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya 2002 yanataka miji yenye watu zaidi ya 100,000, barabara zinazopitisha magari zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, na reli na viwanja vya ndege vikubwa, vichorewe ramani kila miaka 5, kisha uandikwe mpango wa hatua. Ramani hizo hazitokani na watu kutembea na vipima sauti. Zinatokana na hesabu: magari mangapi, malori mangapi, mwendo gani, lami ya namna gani, majengo yana urefu gani, kompyuta inakokotoa sauti ikienda, ikigonga, ikizunguka. Matokeo huongezewa adhabu, 5 kwa jioni na 10 kwa usiku, kwa sababu desibeli ile ile humuumiza zaidi aliyelala. Vipimo vya mtaani huja mwisho, kukagua kama hesabu imesema kweli. Kwa barabara yenu ya Malindi mnaweza kufanya hivyo. Programu ya NoiseModelling ni ya bure, na majengo mtayapata kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, mkiyakagua kwa miguu. Hesabuni magari dakika 15 za kila saa, kwa makundi. Lakini programu hizo zilitengenezewa barabara za Ulaya: hazijui honi ya matatu, wala tuktuk, wala lori linaloshuka gia kwenye tuta saa nane usiku. Hesabu ikipishana na kipimo kwa zaidi ya desibeli 3, aminini kipimo na mtafute sababu.

Vilabu na jenereta msivikokotoe, vipimeni. Hata ramani za Ulaya hazigusi kelele za majirani. Maagizo yenyewe yaliziacha nje. Kwa hiyo mtakuwa na karatasi mbili: moja ya barabara, iliyokokotolewa, na moja ya vyanzo vya usiku, iliyopimwa. Msizichanganye. Anayeamua kuhusu barabara si yule anayeamua kuhusu leseni.

Baada ya hapo, vitanda. Hii ndiyo kazi ambayo hakuna mshauri atawafanyia vizuri kama ninyi. Piteni nyumba kwa nyumba kwenye zile safu zenye rangi nzito, muulize watu wangapi wanalala hapa, wangapi ni watoto, dirisha la chumba cha kulala linatazama wapi, linalala wazi au limefungwa. Kwetu pwani dirisha liko wazi, joto halina mjadala, na hapo sehemu kubwa ya kinga ya ukuta imepotea. Nchi za baridi hutegemea vioo viwili. Ushauri huo tuuache huko huko. Mkirudi na jedwali linalosema watu wangapi wanalala juu ya 60, wangapi kati ya 55 na 60, wangapi kati ya 50 na 55, mna kitu ambacho hata mwakilishi wa wadi anakielewa, kwa sababu hao ni wapiga kura na wamehesabiwa.

Uliuliza kama mtasikilizwa. Basi, je, vipimo vya namna hii vimewahi kubadilisha kitu? Vimebadilisha, na si kwa sababu ya ukubwa wa namba. New York ilipita na gari lenye vifaa ikipima jiji tangu 1929 na 1930, na tume ikatoa ripoti yake, na jiji likabaki na kelele. Lakini 1975, katika jiji hilo hilo, ulichapishwa utafiti wa Arline Bronzaft na mwenzake kuhusu shule moja ya Manhattan, P.S. 98, iliyokuwa kando ya reli ya juu. Walilinganisha madarasa ya upande wa reli na ya upande uliotulia, ndani ya jengo moja. Watoto wa upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma, na ilipofika darasa la 6 pengo lilikaribia mwaka mzima. Hapo mamlaka ya treni ikaweka mpira chini ya reli, na idara ya elimu ikaweka dari za kunyonya sauti. Bronzaft alirudi kupima, na mwaka 1981 akachapisha kwamba pengo limetoweka. Tazama alivyofanya: alikuwa na kundi la kulinganishia, alikuwa na madhara yanayoeleweka na mzazi yeyote, na dawa ilikuwa na mtu wa kuitoa.

Kuna na mfano ulio karibu zaidi na wenu. Barcelona, kwenye uwanja wa Plaça del Sol, wakazi mwaka 2017 waliweka vihisi vya bei nafuu kwenye roshani zao, wakakusanya usiku baada ya usiku, kisha wakaketi na manispaa. Chanzo kikubwa kilikuwa watu wanaokaa kwenye ngazi za uwanja wakizungumza mpaka usiku. Ikawekwa mimea kwenye ngazi, na saa za magari ya taka zikabadilishwa. Na Paris, shirika la Bruitparif hutumia kifaa chenye maikrofoni nne kiitwacho Méduse, kinachoonyesha juu ya picha sauti inatoka upande gani, kiasi kwamba mwenye baa anaona mwenyewe ni meza zake au ni za jirani. Mabishano ya "si mimi ni yule" huishia hapo. Ninyi hamna Méduse, mna daftari.

Jambo ambalo hukuuliza, lakini litakuja mkutano wa kwanza: adhana, makesha, na disko matanga, zile ngoma za usiku wa msiba. Pimeni vyote, kwa kifaa kile kile, kwa pointi zile zile, mviandike kwa saa na muda. Mkiruka msikiti wenu au kanisa lenu, ramani itaitwa ya watu fulani dhidi ya watu fulani, na itakufa siku hiyo. Nyumba za ibada zenyewe kwenye kanuni za 2009 zimetajwa kama mahali pa kulindwa, 40 mchana na 35 usiku. Ni vizuri mashehe na wachungaji walisikie hilo kutoka kwenu mapema, wakiwa wageni wa kamati, kabla hawajalisikia kama mashtaka. Tena msirekodi sauti. Hifadhini viwango tu. Kifaa kilichosimama dirishani kwa mtu kinanasa maneno ya ndani, na Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019.

Mpeleke wapi? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti udhibiti wa kelele. Jedwali hilo hilo limeipa kaunti leseni za vileo na mipango ya ardhi. Vyote vitatu viko chini ya paa moja, ingawa milango ni tofauti na aghalabu hawasalimiani. Kwa hiyo andikeni maombi matatu mafupi. Kwa watu wa leseni: sharti la kifaa cha kuzuia spika kupita kiwango fulani, spika zisitazame nyumba, na kushusha sauti saa 4 usiku. Kwa watu wa mipango: kabla ya kukubali mabadiliko yoyote ya matumizi ya kiwanja kuwa kilabu, waombaji walete vipimo vya usuli. Kwa watu wa mazingira: pointi zenu tatu zipimwe kila mwaka. Habari ya malori na matuta kwenye barabara ya Malindi iandikieni mamlaka ya barabara kuu. Nairobi, Novemba 2022, kaunti ilitangaza kufuta leseni za vilabu vilivyo kwenye makazi, na watu wakashangilia. Amri ya namna hiyo bila ramani huzaa swali la kwanza kabisa, makazi ni wapi, na mawakili hulipenda sana swali hilo.

Mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Anayekuja na ramani Oktoba amechelewa mwaka. Mkianza kusi ikiwa imetulia, mkarudia kaskazi inapoingia, mtakuwa na karatasi kamili mkononi kabla ya vikao vya mwaka unaofuata, na mpango mkubwa wa miaka mitano wa sasa unaishia 2027.

Ukishafanya usiku mmoja wa majaribio, nitumie faili ghafi pamoja na daftari, kabla vijana hawajachora chochote. Nataka kwanza kuona namba ya kalibreta ya mwanzo na ya mwisho.